Viatu vya Ngozi na Mvua za Rungwe: Namna ya Kuvikinga na Kuvitunza

Katika toleo hili tumeona ni vema tuandike juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni viatu. Miongoni mwa maombi tunayopokea kutoka kwenye kamati, ombi la viatu vya wainjilisti, walimu wa chekechea na watoto yatima halikosi. Na mara nyingi ombi hilo hutoka mahali palepale palipopata viatu mwaka uliotangulia. Tukiuliza vimekwenda wapi, jibu ni moja: vimeoza.

Kwa mfadhili aliyeko Ulaya au hata Dar es Salaam, jibu hilo ni gumu kuliamini. Kiatu kizuri cha ngozi hudumu miaka. Lakini mji wa Tukuyu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 ubavuni mwa Mlima Rungwe, na hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifikii hata theluthi ya kiasi hicho. Mvua hizo huzidi kati ya mwezi Machi na Mei, na hata inapofika Juni na Julai, badala ya jua huja ukungu, manyunyu na baridi. Barabara kuu ya kutoka Uyole kwenda Kyela ni ya lami, lakini mwinjilisti anayehudumia Mwakaleli, Suma au Isongole haishii kwenye lami. Anaacha gari na kushika njia ya udongo kati ya migomba na chai, na majani yenye umande humlowesha miguu hata siku ambayo haikunyesha.

Hivyo basi, makala hii ni kwa ajili ya pande zote mbili. Kamati zijue namna ya kutunza viatu vilivyopo, na wafadhili wajue ni viatu gani vya kutuma na vipi waviache.

KWA NINI TUSHUGHULIKE NA VIATU

Kwanza ni afya. Katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano na mvua nyingi, mtu anayetembea peku kwa miaka mingi anaweza kupata uvimbe wa miguu unaofanana na matende lakini usioletwa na mbu. Chembe ndogo za udongo huingia kwenye ngozi ya unyayo na kuharibu mishipa inayopitisha maji ya mwili. Ugonjwa huu ulielezwa kwa kina na daktari Mwingereza, Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia katika miaka ya 1970, na umeonekana pia Kameruni, Uganda na Rwanda. Kinga yake ni rahisi ajabu: kuvaa viatu na kunawa miguu kwa sabuni. Funza na minyoo ya safura nao huingia kwa njia ya mguu ulio wazi.

Lakini kiatu kilicholowa kutwa nzima nacho huleta madhara yake. Ngozi ya mguu hulainika, fangasi huota kati ya vidole, na ufa mdogo huwa mlango wa kidonda. Kwa mzee mwenye kisukari, kidonda cha namna hiyo kinaweza kumfikisha kwenye kukatwa mguu. Kwa sababu hiyo, kumpa mtu kiatu bila kumweleza namna ya kukiweka kikavu ni kufanya nusu ya kazi.

Sababu ya pili ni fedha. Mzazi wa Rungwe hununua viatu vya shule kwa mauzo ya ndizi, maziwa au majani ya chai. Viatu vikichanika mwezi wa nne badala ya Desemba, jozi ya pili hutoka kwenye fedha ya madaftari au ya chakula.

NGOZI NI NINI, NA MAJI YANAIFANYA NINI

Ngozi ya ng'ombe ni nyuzinyuzi nyingi zilizosukwa pamoja, mfano wa mkeka mnene. Ikiachwa mbichi huoza, na ikikaushwa tu huwa ngumu kama ubao. Kinachoigeuza kuwa ngozi ya viatu ni dawa inayoshikamana na nyuzi hizo na kuzizuia zisioze. Dawa ya zamani hutoka kwenye magome ya miti, na majirani zetu wa Njombe wanaijua vizuri, kwani kampuni ya TANWAT ilianza kupanda miwati huko mwaka 1949 kwa ajili hiyohiyo. Dawa inayotumika zaidi siku hizi viwandani ni chumvi za madini ya kromu. (Kazi hii ni ya tangu zamani. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka kwamba Petro, alipokuwa Yafa, alikaa nyumbani kwa Simoni aliyekuwa akitengeneza ngozi, na nyumba yake ilikuwa kando ya bahari. Aliyewahi kusikia harufu ya kazi hiyo hatashangaa kwa nini nyumba iliwekwa huko.)

Baada ya dawa, kiwanda huingiza mafuta ndani ya ngozi ili nyuzi ziteleze moja juu ya nyingine mguu unapokunja. Mafuta hayo ndiyo uhai wa kiatu. Kiatu kikilowa mara kwa mara, maji huyasukuma mafuta nje kidogo kidogo. Kinapokauka, maji yanaondoka lakini mafuta hayarudi, nyuzi zinagandamana, na ngozi inakuwa ngumu kisha inapasuka pale inapokunjika, juu ya vidole. Kila mmoja wetu ameliona jambo hili kwenye mwili wake mwenyewe: mikono isiyopakwa mafuta katika baridi ya Juni hupauka na kufanya ufa. Kiatu nacho hupauka vivyo hivyo, ila chenyewe hakina mwili wa kukitolea mafuta mengine.

Inafuata kwamba kukinga kiatu kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kurudisha mafuta ndani, ya pili ni kuweka nta juu ili maji yateleze. Watu wengi hufanya ya tatu, yaani kung'arisha, wakidhani wamemaliza zote. Kiwi ya kopo ni nta, rangi na kimiminika cha kuiyeyusha. Inafaa kwa mng'ao na huzuia maji kidogo, lakini haitoshi kwa njia ya Mwakaleli. Ile ya maji yenye sponji mdomoni ndiyo dhaifu zaidi, maana inaacha utando mwembamba juu ambao hupasuka bila kulisha ngozi.

Vilevile tusitazamie kiatu cha ngozi kiwe gambuti. Ngozi iliyotunzwa huzuia maji ya njiani na manyunyu ya saa kadhaa, na bado hupumua ili jasho litoke. Anayesimama kwenye maji kutwa, kama wa bustani za mabondeni au wa kuosha karoti mtoni, avae gambuti na avue jioni.

DAWA YA KUTENGENEZA WENYEWE

Vitu vinavyohitajika vinapatikana hapahapa wilayani. Ni nta ya nyuki, shahamu ya ng'ombe na mafuta laini. Mafuta yaliyo bora kwa kazi hii ni yale yanayotoka kwenye miguu ya ng'ombe, ambayo hayagandi upesi kwenye baridi na yametumika kwa ngozi duniani kote kwa muda mrefu. Kwa lugha ya nyumbani ni mafuta yanayoelea juu ya supu ya kongoro. Mama lishe anayepika kongoro bila chumvi wala viungo anaweza kuyaengua na kuwauzia vijana. Yasipopatikana, mafuta ya mnyonyo yanafaa. Mafuta ya alizeti hatuyapendekezi, kwa sababu yakikaa hewani hunata na kukusanya vumbi.

Shahamu isafishwe kwanza. Iyeyushwe ndani ya maji ya moto, iachwe ipoe, kisha kibonge kigumu kilichoelea kiondolewe na uchafu wa chini ukwanguliwe. Usitumie shahamu iliyotiwa chumvi, kwani chumvi huvuta unyevu na kuacha alama nyeupe. Halafu pima kwa kikombe kimoja: nta sehemu moja, shahamu sehemu moja, mafuta laini sehemu mbili. Weka vyote kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Usiviweke moja kwa moja juu ya moto, maana mafuta yanaweza kuwaka. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 63 hivi, yaani kabla maji hayajachemka, hivyo hakuna sababu ya moto mkali. Koroga, kisha dondosha tone kwenye sahani baridi. Likiganda mithili ya siagi, imefaa. Likiwa gumu kama mshumaa, ongeza mafuta. Kwa ndugu zetu wa Kyela, ambako joto ni kubwa, nta iongezwe, la sivyo dawa itakuwa mafuta ya maji kwenye kopo.

Tengeneza kidogo kidogo, kiasi cha mwezi mmoja au miwili, kwa sababu shahamu huchacha. Na viatu vilivyopakwa vining'inizwe juu. Panya wa Rungwe hawachagui kati ya mahindi na kiatu chenye harufu ya shahamu.

JINSI YA KUPAKA

Kiatu kisafishwe tope kwa kitambaa chenye maji kidogo, kamba zikitolewa. Kikauke kivulini hadi kibaki na ubaridi kidogo tu, kisha kiwekwe kwenye jua la asubuhi kwa dakika chache kipate uvuguvugu. Paka kwa vidole, maana joto la mkono husaidia dawa kuingia. Tia bidii kwenye mishono, pale ulimi unapoungana na ngozi ya juu, na mzunguko wote ambapo soli inakutana na ngozi. Maji huingilia hapo kabla hayajapita katikati ya ngozi. Acha usiku mzima, futa iliyobaki, na kama ni kiatu cha ibada au cha shule, kipigwe kiwi kesho yake.

Usipake kupita kiasi. Ngozi iliyojaa mafuta hulegea, hupoteza umbo, na gundi ya soli huachia. Kipimo rahisi ni tone la maji: likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, kiatu bado kina kinga, likizama na kuacha doa jeusi, wakati wa kupaka umefika. Wakati wa masika, kwa mtu anayetembea kila siku, mara moja kwa wiki mbili inatosha. Ngozi ya rangi ya hudhurungi itakuwa nyeusi zaidi kidogo, na mwenye kiatu aambiwe mapema asije akalalamika.

Tumeona baadhi ya watu wakipaka oili chafu ya gari. Tunawasihi waache. Oili hiyo hulegeza gundi na mpira wa soli, huchafua soksi, na ina masalia yenye sumu yanayoweza kuleta saratani, nayo inakaa siku nzima karibu na ngozi ya mtu. Mafuta ya taa nayo hukausha ngozi na kuyeyusha gundi. Mafuta ya mgando ya kujipaka hayana ubaya mkubwa kwa siku moja ya dharura, ila hayadumu.

Tahadhari nyingine: viatu vingi vya shule vinavyouzwa sokoni ni vya ngozi bandia, na hivyo havinywi mafuta yoyote. Angalia upande wa ndani au ukingo uliokatwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi, ngozi bandia ina kitambaa kilichofunikwa na utando laini. Hivyo vifutwe kwa kitambaa tu, na kazi ya kuzuia maji ifanyike kwenye mishono na soli.

KUKAUSHA

Kama tungepewa nafasi ya kusema jambo moja tu kwa kila kaya, lingekuwa hili: usiweke kiatu kilicholowa karibu na moto. Tunafahamu mazoea yalivyo. Mtoto amerudi amelowa, kesho ni shule, na jikoni kuna joto. Lakini ngozi yenye maji huumizwa na joto dogo kuliko ngozi kavu. Nyuzi zake hujikunja, kiatu kinapungua na kukakamaa, na hakuna dawa ya kurudisha hali hiyo. Gundi ya soli nayo huachia.

Badala yake, toa kamba na soli ya ndani, jaza magazeti makavu yaliyokunjwakunjwa, na uyabadilishe yakishalowa. Mahali pasipo na magazeti, majani ya mgomba yaliyokauka vizuri hufanya kazi hiyo. Kiatu kilazwe ubavu ili soli nayo ipate hewa, sehemu yenye upepo, mbali na moto. Kikilowa kabisa kitahitaji siku mbili, na ndiyo maana jozi mbili za kawaida zinazopokezana hudumu kuliko jozi moja ya bei kubwa inayovaliwa kila siku. Kamati zinazopanga bajeti zilifikirie hilo.

Viatu vilivyohifadhiwa kabatini au kwenye stoo ya kanisa katika miezi ya baridi huota ukungu mweupe. Vitolewe nje, vipigwe brashi mbali na watu, vifutwe kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, vikauke, kisha vipakwe dawa upya. Wakati mwingine weupe huo si ukungu bali ni shahamu iliyotoka nje kwa baridi. Bonyeza kidole hapo kwa muda: shahamu huyeyuka na kupotea, ukungu haubadiliki. Na viatu visifungwe kamwe kwenye mifuko ya plastiki.

VIATU VYA SWEDI

Swedi ni ile ngozi yenye manyoya mafupi laini kama kitambaa. Jina lake limetoka kwa Wafaransa, waliokuwa wakiita glavu za namna hiyo glavu za Sweden. Hutengenezwa kwa upande wa ndani wa ngozi, ule usio na utando mgumu wa juu, na ndiyo sababu hunywa maji upesi. Viatu hivi huja kwa wingi katika mitumba na katika vifurushi vya marafiki zetu.

Yote tuliyosema juu ya nta na shahamu hayahusu swedi. Ukiipaka, manyoya yatalala na kiatu kitakuwa na mabaka ya mafuta milele. Tope liachwe likauke kabisa, kisha lipigwe brashi kavu kuelekea upande mmoja. Doa dogo husuguliwa kwa ufutio wa penseli. Manyoya yaliyolala huinuliwa kwa kukishikilia kiatu juu ya mvuke wa birika, kwa mbali, na kupiga brashi tena. Kinga ya maji kwa swedi ni dawa ya kupuliza tu, ambayo hupatikana katika baadhi ya maduka makubwa ya mijini. Ipulizwe nje ya nyumba na mbali na watoto, kwani mvuke wake ukivutwa unaweza kuumiza mapafu. Aidha, nyingi kati ya dawa hizo zimekuwa na kemikali za florini zisizooza katika udongo wala maji. Ufaransa imepitisha sheria ya kuzizuia katika viatu na dawa za kukinga maji kwa watumiaji wa kawaida kuanzia Januari 2026. Anayetaka kututumia dawa ya aina hiyo achague iliyoandikwa kwamba haina kemikali hizo, maana chemchemi za Rungwe zinanywesha watu wengi.

Kwa maoni yetu, swedi haifai kwa mwinjilisti wa huku. Marafiki wenye viatu vizuri vya swedi wavipeleke kwa wahitaji wa mahali pakavu.

KAZI KWA VIJANA

Kila senta ya soko ina fundi viatu mmoja au wawili, na kazi yao ni kushona soli. Mtu hununua kiatu kipya na kumpelekea siku hiyohiyo, na hilo ni jambo la busara, kwa kuwa gundi pekee haistahimili tope. Ila kila tundu la sindano ni njia ya maji. Fundi akipitisha uzi wa nailoni kwenye nta ya nyuki kabla ya kushona, tundu hujifunga. Gharama yake ni ndogo mno, na bado wengi hawafanyi.

Tunashauri kamati zenye vikundi vya vijana wasio na ajira zianzishe kazi hii: kupaka dawa, kushona kwa uzi wenye nta na kuuza dawa kwenye vikopo. Vifaa vya kuanzia ni msharasi, nyundo, brashi mbili, kalibu za saizi chache na sufuria mbili. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi Mbeya na hutoa ushauri kwa wajasiriamali wadogo. Kijana anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kusomea teknolojia ya ngozi katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam.

Kwa wafadhili, ombi letu ni kwamba fedha ya kusafirisha maboksi ya viatu vya aina mchanganyiko ingenunua viatu vya ngozi vilivyotengenezwa nchini, vikiwemo vya kiwanda cha Karanga, Moshi, ambacho ni ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa PSSSF. Mkipenda kutuma kitu, tumeni brashi, sindano za ngozi na kalibu.

Na kwa kamati: kuanzia robo ijayo, ombi la viatu liambatane na karatasi yenye alama ya mguu wa kila mhusika, mguu wa kulia na wa kushoto. Alama ichorwe jioni, mtu akiwa amesimama na amevaa soksi, kwa kuwa mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi. Namba iliyotajwa kwa mdomo isiandikwe. Katibu aandike pia jina la atakayetengeneza dawa na siku ya mwezi ambayo viatu vitaletwa kupakwa.